Wimbo wa Meya Upande wa Wanawake

Kaka wa mke wangu aliwahi kuwa meya. Mji wenyewe ni mdogo, uko pwani ya bara, na ukiutaja hapa Jeddah watu hukuuliza uko karibu na wapi. Aliushika umeya vipindi viwili. Kabla ya umeya, ndani ya umeya na baada ya umeya alikuwa pia mtunzi wa taarabu, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi katika mji ule iliyokwisha bila ya wimbo wake. Katika mambo haya mawili, la kwanza ndilo mwanawe alilolitangaza alipomleta Riyadh. La pili alilificha kama watu wanavyoficha ugonjwa wa ukoo.

Mimi si mtu wa muziki. Baba yangu alitutoa Unguja mwaka sitini na nne nikiwa mtoto wa kubebwa. Dini nimeisomea hapa Hijazi, na umri wangu mwingi umekwisha nikifundisha watoto Qur'ani katika nyumba za mitaa ya Al-Hamra na Al-Rawdah, nyumba zenye milango miwili, mmoja wa wageni na mmoja wa watu kama sisi. Namshukuru Mungu. Nimekula, nimevaa, nimelea, na wazazi wangu nimewazika Makka. Ninayaandika haya kwa sababu shemeji yangu hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia, na yaliyompata yamenikaa kooni.

Nilimwona kazini mara moja tu, mwaka niliokwenda kuwatembelea wakwe. Alinichukua kwenye kikao cha baraza la mji, nikakaa nyuma pamoja na wananchi. Madiwani walikuwa wakibishana juu ya jaa la taka: lihamishwe au libaki pale lilipo, mlangoni mwa mtaa wa maskini. Yeye alikuwa kwenye kiti cha mbele, kavaa joho lake jekundu, na vidole vya mkono wa kulia vinagonga meza polepole.

"Mheshimiwa Meya," diwani mmoja akasimama, "hilo unalogonga ni azimio au ni ngoma ya dumbaki?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akacheka. "Ni dumbaki," akajibu. "Azimio nalisubiri kwako tangu asubuhi."

Baada ya kikao akanifungia mlango wa ofisini kwake, akamwita mpiga fidla wa kikundi chao, na hapo nikaona jinsi alivyofanya kazi yake nyingine. Hakujua nota. Alimwimbia yule bwana kipande chake kwa mdomo, bila ya maneno, na yule akakirudisha kwa fidla. Kisicho sawa kikarudiwa. Kilipotoka kama alivyokisikia kichwani alisema, "Ndiyo," basi, akamruhusu aende zake. Kesho yake ni zamu ya mpiga udi, kisha wa akodioni, kila mmoja na chake, na hapakuwa na aliyeujua wimbo mzima mpaka siku walipokaa pamoja.

"Kwa nini usiurekodi mwenyewe ukawapa?" nilimuuliza.

"Shehe, wimbo ukiwa kichwani mwangu haujawa wimbo," aliniambia. "Lazima unirudie kutoka kwa watu. Ukinirudia ndipo najua kama nimetunga au nilikuwa nasikia kelele zangu tu."

Umeya aliupoteza kwa lile jaa la taka. Alitaka kulihamishia upande ambako wenye uwezo walikuwa wamenunua viwanja, na wao hawakumjibu kwa habari ya taka. Walipitisha gari la matangazo mitaani: tunataka meya, hatutaki mpiga fidla. Watu wa mtaa wa maskini, ambao milango yao ndiyo iliyokuwa ikinuka, walilicheka tangazo lile na kwenda kumpigia kura mwingine. Meya mpya alikifunga chumba cha kikundi cha taarabu, akakifanya stoo ya matairi. Fidla zikaliwa na mchwa. Wapigaji mmoja mmoja wakatangulia mbele ya haki. Mkewe naye akafa, kisha yeye akapata kiharusi kilichomlegeza mkono wa kushoto na kuikwaruza sauti yake, na hapo ndipo mwanawe, ambaye ni mhasibu katika kampuni moja Riyadh, alipomkatia viza ya ziara akamleta kwake, mtaa wa Al-Suwaidi.

Nilisafiri kutoka Jeddah kwenda kumjulia hali. Ilikuwa Ijumaa, na majlisi ya mwanawe ilijaa watu wetu wa pwani waliozaliwa huku. Kila mmoja alimwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, ulikuwa na gari la serikali?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nilikuwa na bendera ya gari," akasema. "Gari lenyewe lilikuwa gereji."

Walicheka sana. Wakamuuliza habari za mawaziri, za viwanja, za nani alikuwa nani. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa nia njema tu, "Na habari ya kwamba umetunga nyimbo, babu, ni kweli?"

Mwanawe akainuka na birika ya kahawa kabla baba hajafungua mdomo. "Baba amechoka," akasema. "Kiharusi kinamchosha. Yalla, kunyweni kahawa."

Huyo mwanawe si mbaya. Aliletwa huku kusoma angali mdogo. Amekulia nchi ambamo baba zetu walificha udi ndani ya makabati ya mablanketi, na mafunzo aliyoyapata hapa ni yale yale niliyoyapata mimi. Lakini juma lile lile kampuni yao iliwagawia wafanyakazi tiketi za tamasha la muziki, maana siku hizi Riyadh ina majukwaa yenye taa zinazoonekana kutoka angani, na yeye alikwenda, akarudi na picha katika simu akatuonyesha. Shemeji yangu aliitazama picha moja kwa muda mrefu, akauliza, "Wapiga fidla ni wangapi hawa?" Mwanawe hakujua. Hakuwatazama.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili.

"Nina kitu kichwani," akaniambia. "Nimekitunga hapa hapa, juu ya kochi hili, tangu nilipofika. Cha kumtoa mjukuu wangu siku ya harusi yake. Na nakuapia, Shehe, ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Au pengine si kitu. Sina wa kunirudishia."

Mjukuu wake, binti wa huyo mhasibu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Jeddah, wa watu wetu pia. Binti alimpenda babu yake. Alijaribu kumrekodi kwa simu, lakini sauti ya mzee ilikuwa imekwaruka, inakatika na kukohoa kila mstari, na mzee alipojisikia ndani ya simu akasema, "Futa, mama. Hicho ni kikohozi cha mgonjwa." Kisha akaniambia lililomtia hofu zaidi: tangu kiharusi, vitu vilikuwa vikimtoka. Jina la mkewe lilimpotea siku nzima. Wimbo ulikuwa bado upo, alikuwa akiupitia kila siku baada ya sala ya alasiri, lakini hakujua utakaa mpaka lini. Alitaka usikike kwa midomo ya watu wengine, mara moja, naye yupo. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Binti akasimama kidete kwamba wimbo wa babu uimbwe harusini kwake. Baba yake akakataa. Hatimaye wakaniletea mimi neno, kwa kuwa ndimi wanayenihesabu mwenye elimu katika ukoo. Nikasema nilichofundishwa, na sikionei haya nilichofundishwa: harusi inaruhusiwa kutangazwa kwa dufu, na wanawake kuimba miongoni mwao hakuna ubaya, maneno yakiwa masafi. Fidla na udi mimi siwezi kuvihalalisha. Mhasibu akaridhika. Binti akaridhika. Shemeji yangu akafikiri kidogo, akasema, "Basi fidla nitaiweka katika koo zao." Akafurahi kama mtu aliyepewa kazi.

Alikuja Jeddah majuma mawili kabla ya harusi, akafikia kwangu. Wanawake watakaoimba wasingeweza kukaa mbele yake akawafundisha, maana si maharimu zake, wengine ni wake za watu na wengine wasichana. Kwa hiyo alimfundisha dada yake, yaani mke wangu, ili yeye awapelekee wenziwe. Walikaa jikoni kila siku baada ya alasiri, mimi nikiwasikia kutoka ukumbini.

Mke wangu ni mwalimu kama mimi. Wanawake wa pwani walioko Jeddah, walio wengi, Qur'ani wameisoma mbele ya magoti yake, na maulidi wamejifunza kwake. Ulimi wake umezoea kuvuta panapovutwa na kusimama panaposimamwa.

"Usivute hapo," kaka yake alikuwa akisema. "Kata."

"Nimekata."

"Umevuta! Umevuta kama unasoma msahafu."

"Kaka, mimi mara ya mwisho kuimba nilikuwa sijavunja ungo. Nifanyeje?"

"Fanya kama unamwita mtoto asivuke barabara. Unavuta? Si gari litampiga?"

Nikawasikia wanacheka wote wawili, na masufuria yanaanguka. Siku ya sita au ya saba nikasikia lile neno lake kutoka jikoni: "Ndiyo." Alitoka akakaa karibu nami, kajaa jasho. "Mmoja ameushika," akasema. "Lakini huyo ni dada yangu, damu yangu. Nataka niusikie kwa wasionijua."

Mke wangu akaupeleka kwa wanawake. Walikuwa zaidi ya kumi, na walikutana nyumbani kwa kina bwana harusi, kwa hiyo mimi nasimulia nilivyoambiwa. Aliwaketisha kama anavyowaketisha siku zote, yeye mbele na wao nusu duara. Akaimba mstari, wao wakaitika mstari. Na kwa kuwa kutoka kinywani mwa mwanamke yule hawakuwahi kujifunza kitu isipokuwa Qur'ani na maulidi, waliupokea wimbo kwa njia hiyo hiyo. Walipovuta, hakusikia kosa, maana wamevuta vizuri, kama alivyowafunza mwenyewe kwa miaka. Siku ya pili naye alikuwa akivuta pamoja nao. Siku ya tatu dufu zikaingia, za mwendo wa maulidi, mwendo ambao mikono yao inaujua. Walifurahi mno. Mke wangu alirudi nyumbani akamwambia kaka yake, "Wameushika wote, utalia ukisikia."

Sherehe ilifanywa katika istiraha tuliyokodi nje kidogo ya mji, nyumba yenye kumbi mbili, wanaume mbele na wanawake nyuma, na ukuta mrefu katikati. Nikah ilipita. Tukala wali. Shemeji yangu hakula. Alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na alichagua mwenyewe kiti cha mwisho kabisa, mgongo wake karibu na ukuta ule. Watu walimfuata huko huko kumpa mkono na kumwita Mheshimiwa.

Baada ya magharibi dufu zikaanza upande wa pili, na sauti za wanawake zikaja juu ya ukuta, wazi kabisa. Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, anasikiliza kama mgeni anavyosikiliza katika nyumba ya watu. Walipofika ubeti wa pili akaniinamia.

"Kasida nzuri," akasema. "Ya nani hii? Ya kwenu Unguja?"

Nikamwonyesha ukuta kwa kidole.

"Na wimbo wangu watauimba saa ngapi?"

"Shemeji," nikamwambia, "ndio huo."

Akacheka. "Acha mzaha, Shehe, leo umechangamka."

"Wallahi ndio huo. Sikiliza maneno."

Akasikiliza maneno. Yalikuwa yake, maneno mepesi ya babu anayemwambia mjukuu kwamba mlango anaotokea haufungwi nyuma yake. Nikauona uso wake unabadilika, akiyatambua moja baada ya jingine. Akainuka kwa fimbo, akaenda akaweka mkono wake mzima ukutani, na sikio karibu. Watu wakageuka kutazama. Mwanawe akamfuata haraka.

"Baba, kaa. Watu wanakuangalia."

"Waache waangalie," akasema bila kugeuka. "Walinikodolea macho nikifungua choo cha soko, wanashindwaje kuniangalia leo?"

Aliusikiliza mpaka mwisho. Upande wa wanawake vigelegele vikapasuka, maana waliupenda, wakaurudia mara ya pili tangu mwanzo. Aliposikia wanaurudia aliuondoa mkono wake ukutani akarudi kitini.

"Si kosa lao," akaniambia. "Usimwambie dada yangu kitu. Wameimba kwa moyo."

Lakini dada yake alimuuliza mwenyewe asubuhi yake, nyumbani kwangu, akimmiminia chai. Alikuwa bado na furaha ya jana. "Haya kaka, tuambie. Walikuwaje?"

"Walikuwa vizuri."

"Vizuri tu?"

Alishindwa kumficha. Akasema, taratibu, kwamba wimbo alioupeleka ulikuwa mwingine, na kwamba si neno, atamwimbia tena ule wa jikoni, wataurekebisha wao wawili, kisha siku moja utaimbwa kwingine. Akakohoa, akaanza. Vidole vikagonga meza.

Ukatoka ule wa wanawake.

Akakatisha, akaanza tena kutoka mahali pengine. Ukatoka ule ule, umevutwa pale pale, kwa mwendo wa maulidi. Akafumba macho. Mara ya tatu hakufika mwisho wa mstari.

"Dada," akasema, "hebu nipe wewe. Ule wa jikoni."

Mke wangu akaweka birika chini. Akafungua mdomo. Nilimwona anautafuta, anatazama mlango wa jikoni kana kwamba umebaki humo. Kisha akajifunika uso kwa mtandio.

"Siuoni, kaka," akasema. "Nilionao ni huu mmoja."

"Halas, basi," akasema shemeji yangu. "Umekwenda."

Niliwahi kusikia wazee wakisema halas juu ya maiti, na kwa sauti hiyo hiyo.

Ziara yake ilikuwa na muda bado. Hakutaka kurudi Riyadh, akakaa kwangu mpaka viza ilipokwisha. Vidole vyake havikugonga tena meza wala mkono wa kiti. Baada ya alasiri, wakati aliozoea kuupitia wimbo wake, alikuwa akiniambia, "Nisomee, Shehe," nami nikamsomea Qur'ani, naye akasikiliza akiwa ametulia kabisa. Mke wangu kila alipopita mlangoni alitutazama, kisha akaondoka bila kuketi.

Habari zikaenea kwamba Mheshimiwa ameacha mambo yake ya zamani. Mwanawe alinipigia simu kutoka Riyadh, sauti yake imejaa machozi ya furaha. "Mungu akulipe kheri, Shehe. Umemtengeneza baba. Nilikuwa naomba dua hii tangu nikiwa mtoto." Msikitini wazee wenzangu wakanishika mkono. Mmoja akasema, "Umempata mwishoni, alhamdulillahi. Wangapi wanakufa na nyimbo zao kifuani?"

Alirudi kwao. Hakukaa sana, akafa, na mazishi tuliyaona kwa simu. Meya wa sasa alisimama kaburini akahesabu: bomba la maji, choo cha soko, barabara ya hospitali. Nyimbo hazikutajwa. Huku Jeddah ile kasida inaimbwa karibu kila harusi ya watu wetu, na wasichana waliozaliwa juzi wanaamini imetoka Unguja na bibi zao. Ni nzuri, sikatai. Mwenye kuisikia hawezi kukosa kuipenda.

Mpaka leo wapo wanaonipongeza kwa toba ya shemeji yangu. Mimi naijua toba. Nimeisomea, nimeifundisha, nimewaona watu wakiiingia wakilia na kutoka wamepata nuru. Niliyemsomea mimi hakuacha kitu kwa ajili ya Mungu. Kilichokuwa kimebaki kwake kilimponyoka, basi akakaa akasikiliza nilichokuwa nacho mimi, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo chumbani. Ningependa iwe toba. Katika sala zangu humwomba Mola wake amwandikie hivyo, maana Yeye ni mkarimu kuliko tunavyostahili. Wanaponishika mkono na kunipongeza nasema alhamdulillahi, neno ambalo Mungu anastahili kwa kila hali, kisha natafuta viatu vyangu.